Saa 26 za rubani ugenini: wasomaji wauliza, wenye kazi wajibu

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: rubani akishatua nchi ya mbali, anafanya nini hadi aruke tena? Majibu yameandaliwa na marubani na wahudumu wa safari ndefu. Saa zote zimeandikwa Kiswahili, yaani saa 1 asubuhi ni muda mfupi baada ya jua kuchomoza. Tunaposema "saa za nyumbani" tunamaanisha saa za Afrika Mashariki.

Ndege ikitoka Nairobi usiku na kutua London asubuhi, kwa nini marubani wale wale wasiirudishe ikishajazwa mafuta? Kulala hotelini siku nzima si likizo ya kulipwa hiyo? (Msomaji, Mwanza)

Zamu ya rubani haihesabiwi kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi. Inaanza anaporipoti kazini. Chukua safari inayoondoka Nairobi saa 6:15 usiku: rubani ameripoti saa 4:45, na ndege inatua baada ya muda wa saa 9 hivi. Tayari ametimiza saa 10 na nusu, zote katika muda ambao mwili unadai usingizi. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, zinawaruhusu marubani wawili wanaoanza zamu kati ya saa 11 jioni na saa 11 alfajiri kufanya kazi saa 11 tu. Anayeanza asubuhi ndiye anayefikia 13. Kwa hiyo kurudi siku hiyo hiyo hakuwezekani hata angetaka mwenyewe.

Kanuni hizo hizo zinasema mapumziko ya nje ya kituo chake cha nyumbani yasipungue urefu wa zamu iliyotangulia, wala yasipungue saa 10, na ndani yake ziwepo saa 8 za kulala ambazo haziliwi na barabara wala foleni ya pasipoti. Kenya na Tanzania zina kanuni zao, lakini msingi ni huo huo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga: uchovu ni hatari ya kiusalama, si udhaifu wa mtu.

Ndege yenyewe hailali. Inarudishwa na marubani waliofika jana, na hawa wa leo watairudisha ya kesho. Ndiyo maana rubani mmoja akiugua London, abiria wa siku inayofuata wanaweza kukwama: hakuna wa akiba karibu. Likizo ni siku unazofanya upendalo. Siku hii ya hotelini ina mwenyewe, nayo ni safari ya kesho yake.

Nasomea urubani hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson. Nifundisheni kuipanga siku moja ya ugenini, kwa sababu kila ninayemuuliza ananijibu "utazoea". (Mwanafunzi, Nairobi)

Usingoje kuzoea. Anza na mwisho, urudi nyuma. Tuendelee na London majira ya baridi, saa zikiwa 3 nyuma ya nyumbani. Umetua saa 12:15 asubuhi ya kule, zamu imefungwa nusu saa baadaye. Ndege ya kurudi inaondoka kesho yake saa 4:30 asubuhi, kuripoti ni saa 3:00. Karatasini una saa 26 na robo.

Sasa hesabu. Gari linawachukua hotelini saa 2:15, kwa hiyo unaamka saa 1:15. Rudi nyuma saa 9, kwa maana hakuna anayelala dakika ile ile anayozima taa: unapata saa 4:15 usiku. Huo ndio mwisho wa kuingia kitandani, na saa 3 ni bora zaidi, kwa sababu saa 3 usiku ya London ni saa 6 usiku mwilini mwako. Asubuhi ya leo umefungua mlango wa chumba saa 2. Kati ya saa 2 asubuhi na saa 3 usiku kuna saa 13. Toa saa 3 za usingizi wa asubuhi, toa moja ya kuoga na kutulia, toa mbili za chakula cha jioni na kupanga sanduku. Zimebaki 7. Mjini na kurudi ni takribani saa 2 ukichanganya basi la kwenda kituoni, kungoja na treni yenyewe. Una saa 5 za kutembea, basi.

Usingizi wa asubuhi ndio unaowashinda wengi. Mzunguko mmoja wa usingizi ni kama dakika 90, kwa hiyo lala mizunguko miwili, weka kengele, uamke hata kama mwili unakataa. Ukijiachia ulale saa 6, usiku utakodoa macho hadi alfajiri, na hapo ndipo utakapoifikia ndege ukiwa umechoka kuliko ulipotua. Baada ya kuamka toka nje penye mwanga wa jua. Mwanga ndio unaoiambia saa ya mwili ni mchana, na chai pekee haiwezi kazi hiyo. Kahawa ya mwisho iwe saa 8 mchana, isizidi saa 9, kwa kuwa baada ya saa 5 hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Na kitu kinachoharibu mpango mzima ni kale kausingizi ka saa 10 jioni, ulipoketi kitandani "kunyoosha mgongo tu".

Kwenda mjini, laini ya Elizabeth iliyofunguliwa 2022 inakufikisha Paddington kwa takribani nusu saa kutoka Heathrow. Piccadilly ni nafuu lakini inakaribia saa nzima hadi katikati ya jiji. Kadi yako ya benki inatosha kama tiketi, ila gusa mashine kwa kadi ile ile unapoingia na unapotoka. Ukisahau kugusa unapotoka, utakatwa nauli ya juu kabisa. Kabla hujaondoka hotelini amua saa ya kugeuka, si saa ya kufika. Treni husimamishwa bila taarifa, na wewe una usingizi unaokungoja.

Lakini mpango wa London usiupeleke kila mahali, kwa sababu kinachoamua ni tofauti ya saa.

New York iko nyuma kwa saa 8 majira ya baridi, 7 majira ya joto. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi, iliyoanza 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi, na huendeshwa na marubani wanne wanaopokezana kulala katika vitanda vilivyo juu ya dari la abiria. Mwili hujisogeza takribani saa moja kwa siku, kwa hiyo ndani ya siku moja hutazoea saa za New York hata ufanyeje. Usijaribu. Usiku wa nyumbani, saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, kule ni saa 8 mchana hadi saa 4 usiku. Lala kifupi ukifika asubuhi, kisha ingia kitandani tena saa 11 jioni ulale hadi kama saa 4 au 5 usiku. Utaamka macho makavu jiji likiwa linang'aa, na hilo si tatizo: kula kitu chepesi, soma, kisha ulale tena kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 1 asubuhi kabla ya gari. Usingizi wa vipande viwili, kimoja kikiwa ndani ya usiku wa nyumbani, unafaa kuliko usingizi mmoja mrefu ambao hautakuja.

Guangzhou ni kinyume, saa 5 mbele. Ukizima taa saa 4 usiku ya kule, mwilini ni saa 11 jioni, na hutalala hata ukihesabu kondoo wote wa Dodoma. Kama ndege inaondoka alasiri, baki na saa za Dar: lala saa 8 usiku, amka saa 4 asubuhi. Ubaya wake ni kwamba kifungua kinywa cha hoteli huenda kimeisha na wasafishaji walianza kubisha saa 3. Nunua chakula jioni uweke chumbani, na utundike kibao cha kutosumbuliwa kabla hujazima taa.

Mumbai, saa 2 na nusu mbele, na Dubai, saa 1 mbele, hazihitaji ufundi huu. Lala kama nyumbani.

Mume wangu ni rubani. Akiwa New York simu haipokelewi kuanzia usiku wetu hadi asubuhi, na mimi nabaki na mawazo. Nikimwambia anasema alikuwa amelala saa 11 jioni. Kuna mtu mzima anayelala saa 11 jioni? (Mama wawili, Mombasa)

Yupo, mama, na ndiye rubani anayejua kazi yake. Soma jibu lililotangulia: saa 11 jioni ya New York majira ya baridi ni saa 7 usiku ya Mombasa. Analala ukilala.

Hata hivyo, kukaa bila habari kunachosha, na dawa yake ni kupanga kabla hajaondoka. Mwambie akuandikie vitu vitatu, vyote kwa saa za nyumbani: saa ya kutua, vipindi viwili atakavyokuwa amelala, na saa ya kuchukuliwa na gari. Kisha simu yake aiweke katika hali ya kutosumbua lakini namba yako iruhusiwe kupita. Karibu simu zote za siku hizi zinaweza hilo, na nyingine hupitisha namba inayopiga mara mbili mfululizo. Nawe uitumie kwa jambo zito tu: mtoto kalazwa, msiba, ajali. Habari ya ada ya shule inaweza kungoja aamke, kwa sababu usingizi uliokatwa katikati haurudi ulivyokuwa, na yeye ana abiria wanaomtegemea.

Uwe pia na namba ya ofisi ya kampuni inayopanga zamu. Ofisi hiyo hufanya kazi usiku na mchana, inajua hoteli na chumba, na kukiwa na msiba ndiyo inayoweza kutafuta rubani wa kumpokea. Akiwa China, kumbukeni kwamba WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya kule. Kubalianeni mapema: ujumbe mfupi wa kawaida, au programu ya WeChat ambayo wote wawili mmeiweka simuni kabla ya safari.

Nimeajiriwa kuwa mhudumu wa ndege. Safari ya kwanza ya kulala nje ni wiki ijayo. Niangalie nini chumbani? (Dada, Dar es Salaam)

Hongera. Kwanza, ukiwa mapokezi usikubali namba ya chumba itamkwe kwa sauti mbele ya watu. Ikitamkwa, omba kingine bila kuona haya. Omba kilicho mbali na lifti na mashine ya barafu, na kiwe kati ya ghorofa ya 2 na ya 6: juu ya usawa wa barabara, lakini ngazi ya zimamoto bado inafika. Bahasha yenye namba ya chumba usiitembeze pamoja na kadi ya mlango. Ukiipoteza umempa mtu ufunguo na anwani.

Ingia huku mlango ukiwa umezuiwa na sanduku, kagua bafu, kabati na nyuma ya pazia, ndipo ufunge kufuli na komeo. Toka tena ukumbini uhesabu milango hadi ngazi ya dharura, kwa sababu kwenye moshi hutasoma kibao na utatembea kwa kupapasa. Piga simu mapokezi uhakikishe simu ya chumbani inafanya kazi.

Halafu giza na ubaridi. Pazia za hoteli huacha ufa katikati. Chukua henga yenye vibanio vya suruali ubane pande mbili. Taulo weka chini ya mlango, tepu ndogo nyeusi kwenye taa za runinga na kitambua moshi, ila usikifunike kitambua moshi chenyewe. Baridi ya nyuzi 18 hadi 20 ndiyo inayolaza vizuri, hata kama sisi wa pwani tunaiona kali.

Kuamka: kengele mbili, za vyanzo viwili tofauti. Simu yako, na simu ya kuamshwa kutoka mapokezi. Simu moja yenye kengele tatu ni chanzo kimoja, kwa maana chaji ikiisha zote zimekwisha. Kosa la mara kwa mara ni simu kubadilisha saa yenyewe, au kutobadilisha, hasa usiku ambao Ulaya au Marekani zinasogeza saa mbele au nyuma kwa ajili ya majira. Kwa hiyo ukiiomba mapokezi ikuamshe taja saa ya pale, kwa mfumo wa saa 24, na urudiwe. Kwetu tunaohesabu saa 1 baada ya jua kuchomoza, kichwa chenye usingizi huchanganya upesi, na ratiba ya kazi nayo inaandikwa kwa saa ya Zulu, ile ya Greenwich. Andika zote tatu kwenye kikaratasi kando ya kitanda.

Plagi yako ya pini tatu ya nyumbani inaingia London na Dubai bila shida. New York inataka adapta ya pini bapa, na umeme wake ni volti 120, kwa hiyo pasi au kikausha nywele cha volti 240 hakitapata moto. Chaja ya simu haina neno, imeandikwa 100–240. Betri ya akiba ikae mkoba wa mkononi daima, isizidi wati-saa 100: ile ya mAh 20,000 ni kama 74, iko salama. Sare ipigwe pasi na viatu vipangwe kabla ya kulala, si asubuhi.

Rubani anahitaji viza kwa usiku mmoja? (Msomaji, Bujumbura)

Inategemea nchi. Uingereza humruhusu mhudumu au rubani aliyefika kazini kuingia bila viza mradi aondoke ndani ya siku 7 akiwa kazini vilevile. Marekani inataka viza ya wafanyakazi wa vyombo vya usafiri, C-1/D, na humpa ruhusa isiyozidi siku 29. China ina viza yake ya kundi C. Ruhusa hizi zinashikamana na kazi: ukiachwa na ndege kwa ugonjwa, kampuni lazima iwaarifu uhamiaji, usijinyamazie hotelini. Ukitoka kutembea, acha sare na kitambulisho cha shingoni chumbani. Beba nakala ya pasipoti na kadi ya hoteli iliyoandikwa kwa lugha ya pale, ambayo Guangzhou inakuokoa na dereva asiyesoma herufi zako.

Ni kweli kwamba rubani hanywi kabisa akiwa safarini? Na mafua je, akinywa Piriton? (Msomaji, Kampala)

Marekani inataka zipite saa 8 tangu kinywaji cha mwisho na pombe damuni iwe chini ya asilimia 0.04. Uingereza, kwa sheria ya 2003, kikomo cha rubani ni miligramu 20 kwa mililita 100 za damu, robo ya kile cha dereva wa gari katika England. Kampuni nyingi zinadai zaidi ya hapo. Tatizo la saa 8 ni kwamba watu huisoma kana kwamba inatosha. Mwili huondoa takribani kipimo kimoja cha pombe, gramu 8, kwa saa. Chupa moja ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ni vipimo viwili na nusu. Aliyekunywa nne anahitaji kama saa 10 kusafika, na wengine zaidi. Pombe pia hulaza haraka kisha hukatakata usingizi wa alfajiri. Katika mapumziko mafupi kama haya, jibu letu ni sifuri.

Piriton na dawa nyingine za zamani za mzio husinziza, na ulegevu hubaki hata ukihisi umeamka vizuri. Kwa difenhidramini, ndugu yake, mamlaka ya anga ya Marekani hutaka zipite saa 60. Hilo linapita mapumziko mengi ya safarini. Dawa za kikohozi zenye kodeini zina balaa la pili: katika Falme za Kiarabu kodeini na tramadoli ni dawa zinazodhibitiwa, na kuziingiza bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani. Muulize daktari wa anga kabla ya kumeza. Na mafua yenyewe, hata bila dawa, yanatosha kukuzuia. Njia ya sikio ikiziba, ndege inaposhuka maumivu yanaweza kumfanya rubani asiweze kazi, na kiwambo cha sikio kupasuka. Jaribu kuziba pua na kupuliza taratibu: masikio yasipofunguka, pigia kampuni mapema, wala usingoje saa ya gari.

Shemeji yangu ni rubani lakini anakataa kunibebea hata kifurushi kidogo cha kumpelekea kijana wangu London. Tunamwona anaringa. (Baba, Meru)

Mzee, hamringii mtu. Kifurushi ambacho hakukipanga kwa mikono yake ni mzigo ambao hawezi kuuapia, na mbele ya forodha mwenye mkoba ndiye mwenye mali. Dawa za kulevya zimefichwa ndani ya vitabu, visigino vya viatu na makopo ya maziwa ya watoto. Akikamatwa, haulizwi nani alimpa.

Kwa kuwa umeandika kutoka Meru, tuseme wazi: miraa imepigwa marufuku Uingereza tangu 24 Juni 2014, Marekani ni haramu pia, na nchi za Ghuba hazina huruma nayo. Nyama iliyokaushwa, samli na jibini kutoka kwetu haviingii Uingereza hata kidogo. Marekani mfanyakazi wa ndege hujaza fomu yake ya forodha, namba 5129, na chakula asichokitaja kinaweza kumletea faini na kugusa viza yake. Kisha kuna vikomo vya bidhaa, ambavyo kwa wafanyakazi wa ndege mara nyingi ni vidogo kuliko vya abiria. Mtumie kijana kwa posta au kampuni ya vifurushi, uandike kilichomo.

Rubani Mwislamu anaswali vipi na anafunga vipi Ramadhani katika safari hizi? (Msomaji, Unguja)

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, msafiri asiyenuia kukaa siku 4 kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, anaendelea kupunguza swala za rakaa nne na kuzichanganya: Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Mapumziko ya siku moja yamo ndani kabisa. Hili linasaidia hata usingizi, maana rubani wa New York anayelala saa 11 jioni anaweza kuichelewesha Magharibi na kuiswali pamoja na Isha akiamka. Kibla London ni kama nyuzi 119 kutoka kaskazini, kusini-mashariki. New York ni kama 58, kaskazini-mashariki, na wengi hukosea wakielekea kusini-mashariki kwa kuangalia ramani bapa. Dira ya simu ikae mbali na fremu ya chuma ya kitanda.

Kuhusu funga, Qurani (2:185) imempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na tunawasihi marubani waichukue siku za kuruka. Hewa ndani ya ndege ina unyevu wa kama asilimia 10 hadi 20 tu, na mtu hupoteza maji bila kutoka jasho. Kuelekea magharibi jua linakimbizwa, na mchana unarefuka kwa saa kadhaa, kwa sababu futari ni jua linapozama machoni pa aliye ndani ya ndege, juu kule, si kwa saa ya Unguja. Rubani mwenye njaa na kiu huchelewa kufanya uamuzi bila kujitambua. Kampuni nyingine zinakataza kabisa kufunga ukiwa kazini, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni zako kabla ya mwezi kuandama.

Kapteni na msaidizi wake wakila pamoja mjini, wanakatazwa kula chakula kimoja? (Msomaji, Kisumu)

Ndani ya ndege, kampuni nyingi huwapa vyakula tofauti. Mjini ni busara kufanya hivyo hivyo kwa mlo wa mwisho kabla ya kuruka. Februari 1975, kwenye ndege ya Japan Air Lines iliyokuwa ikienda Paris kupitia Anchorage na Copenhagen, zaidi ya watu 190 waliugua kwa omleti yenye nyama ya nguruwe iliyoandaliwa na mpishi mwenye kidonda kidoleni. Marubani walinusurika kwa kuwa, kwa saa za miili yao, ulikuwa muda wa mlo mwingine. Sumu ya bakteria ile hupiga ndani ya saa 1 hadi 6, yaani mtu anaweza kuripoti akiwa mzima akaanza kutapika juu ya bahari. Jioni kabla ya safari epuka samaki wabichi, mayonezi iliyokaa na wali uliopashwa moto. Kula kilichotoka motoni mbele yako.

Naongoza wapiga mbizi Nungwi. Wafanyakazi wa ndege kutoka Ulaya wakilala Zanzibar usiku mmoja huomba niwashushe na mitungi. Niwachukue? (Mwongoza wageni, Nungwi)

Usiwachukue, ila wakikuonyesha ratiba inayoacha saa 24 kamili kati ya kutoka majini na kuruka. Ukizama na mtungi, naitrojeni ya hewa unayovuta huyeyuka mwilini kwa sababu ya shinikizo la maji. Ukipanda ndege, shinikizo la kabini linashuka kuwa kama la mlima wa futi 6,000 hadi 8,000, na gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa, ndani ya maungio, uti wa mgongo au ubongo. Mamlaka ya Marekani inataja angalau saa 12 kwa mbizi nyepesi isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda juu ya maji, na 24 kwa inayohitaji. Wafanyakazi wa ndege hutumia 24 kwa zote.

Kuogelea juu juu kwa miwani na bomba la kupumulia hakuna tatizo. Wapeleke Mnemba asubuhi kwa namna hiyo, uwape maji ya kunywa na kivuli, na uwarudishe kabla ya saa 6 mchana, maana aliyeungua mgongo na jua halali. Akiwepo anayesema anarudi kama abiria tu na si kazini, mapovu hayajui tofauti hiyo: naye asubiri saa zile zile.